Ghaidhi Chini ya Hema

Shemeji yangu alitaka Kiswahili kizito. Ndivyo alivyosema tukiwa tumeketi kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba yake huko Kanduyi, mwili wa dada yangu ukiwa bado mochari. "Shemeji, si wewe ndio mwalimu? Hiyo historia ya marehemu uandike na Kiswahili kizito kizito bana. Watu wajue alitoka kwa watu wamesoma." Kamati ya mazishi ikatikisa vichwa kukubali. Mmoja wao akanipa simu yake nisome mfano wa historia waliyoisoma kwenye mazishi mengine, ili niige. Kazi yangu, alinieleza kwa upole, ilikuwa kubadilisha majina na kuongeza utamu.

Nikausoma. Marehemu alikuwa mcheshi. Marehemu alipenda Mungu na watu. Halafu ile sentensi ambayo huikosi kwenye hema lolote la mazishi kati ya Bungoma na Kitale: alilala katika Bwana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Huku kwetu hata aliyegongwa na lori la miwa aliugua kwa muda mfupi.

"Hapo usiguse," shemeji akasema, akiona kidole changu kimesimama. "Hapo uache tu hivyo."

Dada yangu hakuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na presha tangu alipombeba mtoto wake wa pekee, na mtoto huyo sasa ni msichana wa kidato cha pili. Miaka yote hiyo alimeza vidonge asubuhi kabla ya kufungua duka lake la nafaka kando ya barabara, na akaishi. Alipima maharagwe, akagombana na wateja, akanipigia simu Kitale kunisimulia ugomvi wenyewe huku akicheka mpaka anakohoa. Kilichomuua ni kuacha vidonge, na hakuviacha kwa kupenda.

Mume wake alikuwa amehamia kanisa dogo la maombi, akapanda cheo upesi akawa mzee wa kanisa. Alasiri moja kikundi cha maombi kilikuja nyumbani, na wimbo ulipopamba moto akamwambia mkewe alete zile dawa, aonyeshe imani. Akaletewa. Akazimwaga kwenye choo cha shimo, watu wakiimba. Dada yangu alinipigia siku hiyo hiyo. "Sasa choo yangu ndio haina presha," akasema, na akacheka, nami nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Alinunua nyingine akazificha kwenye gunia la njugu. Zikaonekana, zikaenda njia ile ile. Kisha Jumapili iliyofuata mume akasimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda kwamba mke wake amepona kabisa. Huo ushuhuda ndio uliofunga mlango. Mji wenyewe ni mdogo, na anayeuza dawa anajua nani anaabudu wapi. Dada yangu angeingiaje pale kuomba vidonge vya presha, wakati mume wake ameshawaambia watu wote kwamba hana presha? Kila kidonge kingekuwa kumwita mume wake mwongo hadharani. Alikuwa mwanamke jasiri wa mdomo, lakini hilo lilimshinda. Alianguka dukani na gorogoro la kupimia mkononi, maharagwe yakamwagika hadi barabarani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha maradhi ni mmoja na aliyeumbuliwa ni mwingine.

Basi nina hasira. Nalisema mapema ili anayetaka kusoma kitu cha kumtuliza aweke kando.

Nimelelewa katika nyumba ambamo hasira ilikuwa dhambi ya kwanza kabisa, kabla hata ya wizi. Wazazi wetu walikuwa wakulima, watu waliotoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba upande wa Kiminini, na Mama alikuwa mama wa kanisa kweli kweli, mwenye sare ya Alhamisi na Biblia iliyoshonewa mfuko. Ukikasirika kwetu hukuchapwa. Uliambiwa, "Nenda stoo." Stoo kulikuwa na mahindi, na ulipukuchua mahindi kwa mikono peke yako mpaka vidole viwake moto na hasira iishe, au uwe umechoka kiasi kwamba huwezi kutofautisha. Dada yangu alipukuchua magunia. Mimi nilikuwa mtoto mzuri. Nilimeza.

Labda ndiyo sababu neno moja lilinikamata nilipokuwa chuo cha ualimu na halijaniachia hadi leo. Ghaidhi. Nililikuta ndani ya kitabu cha tungo za kale, kitabu chakavu ambacho jalada lake lilikuwa limeenda na mwanafunzi mwingine. Shujaa anaambiwa kwamba ndugu yake ameuawa, na badala ya kupatwa na hasira kama watu wengine, anapandwa na ghaidhi, kisha anauvuta upanga. Nyuma ya kitabu palikuwa na maelezo ya maneno magumu, na mhariri alilifafanua kwa neno moja tu: hasira. Nikakasirika. Kama ni hasira tu, mtunzi si angesema hasira? Nikaanza kulitafuta.

Sijasomea utafiti mkubwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili hapa Kitale, ninaishi Matisi, na mashairi ya kale ninayapata kwa kuazima, kunakili na kuwasumbua watu waendao Mombasa. Lakini kwa miaka mingi, kila nilipopata utungo mzee nilikuwa nikiupitia kwanza kwa ajili ya hilo neno, kama mtu anayeingia harusini akimtafuta mtu mmoja. Katika tenzi za vita nililikuta mara kwa mara. Lilikuwa kwa majemadari, kwa wafalme waliotukanwa, kwa wana waliokuja kulipa kisasi cha baba zao. Ghaidhi iliwapanda, na mara ilipowapanda hapakuwa na mtu wa kuwaambia waende stoo. Farasi waliletwa. Watu waliwapisha njia. Mtunzi mwenyewe aliisifu, au angalau hakuikemea.

Katika tungo za mawaidha neno lilibadilika uso. Huko wanaosifiwa ni wanaoizuia. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa Pwani aliyeletwa kufundisha huku kwenye baridi yetu, alinieleza kwamba asili yake ni Kiarabu, na kwamba ni ile hasira inayochemka kifuani kabla haijatoka, na dini yao inamsifu mja anayeifungia humo humo. Nikamwambia Mama yangu angependa sana dini hiyo. Tulicheka. Lakini niliporudi kusoma sikucheka, kwa sababu nilianza kuuliza swali ambalo mhariri wa kile kitabu hakuuliza: ni nani anayeambiwa azuie, na ni nani anayeletewa farasi?

Nilimtafuta mwanamke mwenye ghaidhi. Labda yupo, sijasoma kila kitu, na mengi yaliyotungwa yaliliwa na mchwa kabla sijazaliwa. Lakini katika yale niliyoyapitia sikumpata. Wanawake walipewa majonzi. Walipewa simanzi, jitimai, machozi ya kulowesha mito. Mwanamke aliyekasirika alikuwa mkorofi, au ana kisirani, au ana wivu. Mume wake alipofiwa na ndugu alipata ghaidhi na upanga. Yeye alipofiwa na mwana alipata kilio na beti za kumtuliza. Na tungo za kumwasa mwanamke aliyeolewa, nyingine nzuri ajabu kwa lugha, zilimfundisha sauti ya chini na uso wa kupendeza. Nilizifundisha hizo tungo. Niliwaambia wanafunzi wazitazame vina vyake.

Kisha neno lenyewe likafa taratibu. Katika vitabu vya karibuni silioni. Wanafunzi wangu wanapandwa na mori, wanashikwa na hamaki, wana misemo mia waliyokariri kwa ajili ya insha, lakini ghaidhi hawaijui. Biblia tuliyokua nayo imejaa ghadhabu, na karibu yote ni ya Mungu. Mwanadamu wa kawaida amebaki na "hasira hasara," methali ambayo huku kwetu huambiwa mtu aliyeonewa, na sijawahi kusikia ikiambiwa aliyemwonea. Dada yangu alijua kuhusu neno langu. "Bado unafuata hiyo?" alikuwa akiniuliza kwenye simu. "Si hasira ni hasira tu?" Nikamwambia la, hii ni ile inayokaa ndani. Akasema ngoja, kuna mteja.

Siku mbili kabla ya mazishi nilienda Kanduyi na Mama na baba yangu mdogo. Tulipofika, mpwa wangu alinivuta jikoni, nyuma ya sufuria kubwa zilizoazimwa. Msichana huyu ana kifafa tangu utotoni, na anameza vidonge kila siku. Vidonge hivyo havitaki kurukwa, na daktari alishamwonya mama yake kuhusu kuviacha ghafla. Akainua mguu akanionyesha: vilikuwa ndani ya soksi.

"Anti, Baba amesema Jumapili tukishazika kutakuwa na maombi ya shukrani. Amesema nitatoa ushuhuda." Hakulia. "Mama ndio alikuwa ananifichia. Sasa tangu juzi sijameza, kwa sababu nyumba imejaa watu wa kanisa na wanaangalia."

Nilitaka kwenda kumshika baba yake koo. Badala yake nilienda kwa baba yangu mdogo, maana kwetu na kwao ni mamoja: watu wa upande wa mke wakija kuzika ni wageni. Mnapewa viti vya mbele, chai kabla ya wengine, na dakika chache za kusema kupitia kinywa cha mwanamume mmoja. Baba mdogo ndiye aliyekuwa kinywa chetu. Nikamwomba aseme kwamba msichana ataenda Kitale na bibi yake akapumzike. Alienda, akaongea na wazee wa kwao, akarudi akijipangusa paji la uso.

"Wamesema mtoto ni wa huku," akasema. "Na ni kweli, mtoto ni wa kwa baba. Tuzike kwanza. Tusilete fujo kwa boma ya watu."

Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mwanaharamu hakuwa anapita, alikuwa mwenye boma.

Nikarudi Matisi kuandika historia ya marehemu. Niliketi mezani alasiri nzima. Ile sentensi ya kuugua kwa muda mfupi niliifuta, nikairudisha, nikaifuta. Mwishowe nikafanya jambo ambalo sisi wasomi hulifanya tunapoogopa: nikaandika ukweli kwa neno ambalo hakuna mtu angelielewa. Niliandika kwamba dada yetu ametuachia majonzi, na zaidi ya majonzi ametuachia ghaidhi, ghaidhi ya haki isiyozimika. Niliisoma sentensi hiyo nikaiona nzuri. Nilijiona jasiri, kana kwamba nilikuwa nimesema kitu.

Siku ya mazishi hema lilijaa hadi watu wakasimama kwenye mihogo ya jirani. Jeneza lilikuwa mbele, shemeji karibu nalo ndani ya suti nyeusi, mpwa wangu pembeni yake. Mama aliketi kiti cha kwanza upande wetu, mikono juu ya Biblia. Emsii, kijana wa maneno mengi, akaniita kwa mbwembwe, mwalimu wa kutoka Kitale, mnyamaze msikie Kiswahili.

Nilisoma. Walifurahia. Kila neno gumu lilipopita kulikuwa na mguno wa kupendezwa, na nilipofika kwenye ghaidhi ya haki isiyozimika mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Amina!" Wengine wakaitikia. Emsii hakuweza kujizuia, akanyakua maiki.

"Hiyo ndio Kiswahili bana! Marehemu ametuachia nini? Ghaidhi! Si mpigie mwalimu makofi ya kilo! Nani hapa anataka ghaidhi kama ya huyu mama? Inua mkono, Bwana asifiwe!"

Mikono ikainuliwa hema zima. Shemeji yangu aliinua wake. Alifumba macho, akanyanyua kiganja kile kile kilichomwaga vidonge, akasema Amina.

Sijui kama mtu anaweza kueleza nilichokihisi. Nilikuwa nimelifuata neno hilo tangu usichana wangu, na sasa nilikuwa nimelifanya pambo la mazishi, nikamvisha nalo aliyemuua dada yangu. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

Ndipo Mama alipoongea. Hakupaza sauti, lakini kiti chake kilikuwa karibu. "Mimi sijaelewa," akasema. "Hiyo kitu mtoto wangu ametuachia ni nini?"

Emsii akacheka. "Shosho, hiyo ni Kiswahili ya ndani."

"Nauliza msichana wangu."

Nikachukua maiki kutoka mkononi mwake. "Ni hasira, Mama. Maana yake ni hasira. Hasira mtu anakaa nayo ndani mpaka inamchoma." Nikawageukia wote. "Na tuko na hasira kwa sababu dada yangu hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua presha miaka mingi, na dawa zake zilimwagwa kwa choo, hapo nyuma ya nyumba, mkiwa mnaimba. Alinunua zingine zikamwagwa. Halafu mkaambiwa kanisani amepona, akaona haya kununua tena. Ndio akafa. Hakuna kitu kingine kilimuua."

Maiki ikafa. Mtu wa mitambo alikuwa ameizima. Baba mdogo alinivuta mkono wa nguo akinong'ona, "Si ukae chini, si ukae chini." Nikaendelea bila maiki, kwa sauti ya darasani, sauti ambayo inafika dawati la mwisho. Nilisema msichana huyu ana kifafa na Jumapili wanataka kumsimamisha aseme naye amepona. Nilisema dawa zake amezificha mwilini kama mwizi.

Nilipotamka hilo tu nikajua nimemuuza. Shemeji hakunitazama mimi. Aligeuka akamtazama binti yake, kwanza mifuko, kisha miguu. "Hizo utaniletea kwa nyumba," akamwambia, taratibu, kama baba anayemwambia mtoto avue viatu vyenye matope.

Mama akasimama.

Yeye ndiye aliyenifundisha kumeza. Simjui Mama akipaza sauti, na hata hapo hakuipaza. Aliweka Biblia kwenye kiti, akapita mbele ya jeneza bila kuligusa, akamshika mpwa wangu mkono.

"Twende," akasema.

"Mama," shemeji akasema, "mtoto ni wa huku. Na wewe huwezi toka kabla tuweke mchanga. Ni mtoto wako tunazika."

Hiyo ilikuwa kweli, na kila mtu pale alijua uzito wake. Mzazi haondoki kabla mtoto wake hajafunikwa. Hakuna kabila ninalolijua huku ambalo lingemsamehe. Mama alitazama jeneza, nikadhani ataketi.

"Mchanga mtaweka nyinyi," akasema. "Huyo niliwapatia akiwa mzima. Huyu hapana. Huyu hamchukui."

Akatembea. Watu walimpisha. Wazee wawili wa kanisa walisogea kama wanaotaka kuzuia, lakini wanawake waliokuwa wamesimama kwenye mihogo waliingia katikati yao, na Mama akapita na msichana wake. Nilifuata. Baba mdogo alibaki, maana ilibidi mmoja wetu abaki na marehemu, na huo ndio wema wa mwisho aliotufanyia, kwani hajazungumza nasi tangu siku hiyo.

Gari la jirani yangu lililotuleta lilikuwa barabarani. Kabla hatujafunga milango tulisikia wimbo wa kushusha jeneza ukianza, sauti nyingi, emsii akiongoza kwa maiki iliyofufuliwa. Mama alisikiliza akiwa ameshika kipini cha mlango. Alikuwa amemzaa dada yangu mikononi mwa jirani, shambani, msimu wa kupanda, na hakumwona akiingia ardhini. Sitaandika kwamba alikuwa na amani.

Kisha akafunga mlango, akamgeukia mpwa wangu. "Toa," akasema.

Msichana alivua kiatu, akatoa kifurushi kwenye soksi. Kilikuwa kimelowa jasho. Nikampa chupa ya maji. Alimeza, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta ya shule, akatazama chini.

"Fungua mdomo," Mama akamwambia. "Inua ulimi. Nione."